Ruaha Mbuyuni mpaka Tukuyu kwa lifti, na mfuko wa vitunguu

Nilikuwa nimemaliza kibarua cha kuvuna vitunguu Ruaha Mbuyuni, miezi miwili kasoro siku chache, hela ipo ila sio ya kuchezea, na mama kule Tukuyu alishanitumia meseji kwamba bati za jikoni zimeanza tena kuvuja. Nikapiga hesabu ya basi mpaka Mbeya, nikaweka gari ya Tukuyu, nikaweka na hela ya mzigo maana mwenye shamba alinipa mfuko wa vitunguu kama kilo 20 hivi nje ya malipo, nikaona hapana, naondoka kwa lifti. Hii barabara nimeipita kwa basi tangu niko mdogo lakini kukaa mbele kwenye kichwa cha semi nikaiona kwa macho ya dereva, hiyo nilikuwa sijawahi.

Wengi wakisikia lifti wanawaza mtu kasimama pembeni anapunga mkono. Kwa barabara hii ya Zambia ukikaa hivo utaungua jua mpaka jioni. Semi lina tani 30 mgongoni, dereva akishaupoteza ule mwendo anaurudisha kwa shida na kwa mafuta ya tajiri, kwahiyo hakusimamii, na sio roho mbaya. Wewe ndo unalifuata pale linaposimama lenyewe: sheli, kwa mama lishe, kwa fundi matairi, karibu na mizani. Alafu unasalimia kwanza, unaongea na mtu uso kwa uso, naye anakuangalia kama wewe ni mtu wa kukaa naye masaa sita.

Mbuyuni ni pazuri kwa hilo sababu malori ya kupanda yanapumzika kabla ya mlima wa Kitonga. Asubuhi ile nilimkuta mzee mmoja anazunguka semi lake na kirungu anagonga tairi moja moja, anasikiliza mlio. Amebeba salfa anapeleka Kongo kwenye migodi, wanapanda na salfa wanashuka na kopa, yaani shaba, ndo kazi yake miaka yote. Nikasubiri amalize matairi yote, sikumkatisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, unasemaje."

Nikamweleza yote, kibarua, nyumbani, bati. Akaangalia mfuko. "Hivo vitunguu vya hapa hapa?" Nikamwambia vya hapa, nimeving'oa mwenyewe. Akafikiria kidogo akasema tajiri wake hataki abiria, gari ina kifaa anaiona kila inaposimama, ila leo utingo wake anaumwa jino tangu Mikumi hata kushuka hawezi. "Utashika gogo Kitonga?" Nikasema nitashika. Sikujua nimekubali nini.

Gogo ni hili. Kipande cha mti mgumu kimechongwa kama kabari, urefu kama mkono kuanzia kiwiko, kimefungwa kamba ya katani kwenye tundu kichwani, kizito, kimeshiba dizeli na upande mmoja umeungua mweusi kwa msuguano wa tairi. Kazi yake ni moja, gari likisimama mlimani unaruka unaliweka nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Mzee alinionyesha mara mbili pale pale Mbuyuni, tairi lipi, unasimama upande gani, na kwamba mwili wako usiwe nyuma ya gari hata sekunde moja. "Mkono unaweka, mguu uko nje," alisema hivo kama mara tano.

Tukaondoka, mibuyu pande zote, joto la kule chini mnalijua. Kitonga inakuja taratibu alafu ghafla uko ndani yake. Upande mmoja mwamba umechongwa kama ukuta, upande korongo, na kona zinafuatana huoni ya mbele. Mzee alitia gia ya chini kabla hata mlima haujaanza kuuma na hakuigusa tena. "Hapa unapanda na gia moja unashuka na gia moja, anayebadilisha katikati ndo unamkuta kule chini," na kweli ukiangalia chini kuna mabati ya magari ya zamani kwenye miti. Tulikuwa tunaenda mwendo wa mtu anayetembea, mtu wa kutembea kabisa, injini inalia mpaka unaihisi kwenye meno, nikamuonea huruma utingo na lile jino lake, amejikunja kwenye kitanda cha nyuma ya siti kajifunga kitenge kichwani. Yale yanayoshuka yanatupita yananuka breki.

Kwenye kona moja tukaona majani barabarani. Matawi mabichi yamepangwa moja moja, hatua kumi linafuata lingine, maana yake mbele kuna gari imekufa. Hamna dereva wa barabara hii asiyejua kusoma hayo majani. Foleni ikasimama na sisi tukasimama, katikati ya mlima na tani 30. Mzee akasema tu "haya" nikaruka. Nakumbuka lami ilikuwa ya moto mpaka kwenye soli, nikaweka gogo kama alivonionyesha, nikatoka pembeni, na gari likarudi kidogo, upana wa kiganja, likaliegemea. Lile gogo lililia. Mti unalia kweli, sauti kama mlango mzito, na nikasimama pale nimeshika kamba naangalia tairi juu ya kipande cha mti na nikaelewa kwanini alirudia maneno yale mara tano.

Tulikaa kama dakika 40. Nyani wamekaa kwenye ukingo wa barabara wanasubiri mtu arushe ganda. Foleni ilipofunguka mzee akapiga honi fupi mbili, gari likajivuta mbele, nikalivuta gogo kwa kamba nikakimbia nalo mpaka mlangoni, na utingo na jino lake ndo aliyenipa mkono kunivuta juu.

Ukimaliza Kitonga hewa inabadilika hapo hapo, unasikia baridi kwenye jasho. Ilula nyanya zimepangwa kwenye ndoo barabarani, tukapita Lugalo ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwavizia Wajerumani Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, mzee akapunguza mwendo kidogo akanionyesha mnara kwa kidevu. Njia nzima alikuwa ananisimulia. Kwamba barabara hii ipo kwa sababu Zambia ilibanwa, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao 1965 njia ya kusini ikawa mashaka, kwahiyo likaja bomba la mafuta kutoka Dar mpaka Ndola 1968, lami, na reli ya TAZARA ambayo Wachina waliijenga na sisi kuanzia 1970 mpaka 1975. Baba yake alifanya kazi kwenye lami. Anaongea kuhusu hii barabara kama mtu anaongelea shamba la ukoo.

Ipogolo kwenye daraja la Ruaha Mdogo tukaachana, yeye anamsubiri mwenzake wanaongozana, na utingo anapelekwa mjini kung'oa jino. Nikampa elfu tano akairudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake, akachukua vitunguu, kama kilo tatu, na namba ya simu.

Kutoka hapo mpaka Mafinga nilipata fuso tupu linaenda kupakia mbao, tukaipita mizani ya Wenda bila shida, kilomita kama 80, hamna cha kusimulia ila baridi. Nilitoka na shati la Mbuyuni. Nimelala gesti ya elfu kumi nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo. Mimi usiku siombi lifti, hata gari iwe nzuri vipi, na nawaomba na nyie msiombe. Usiku dereva hakuoni sura na wewe humuoni, na anayechoka barabarani anachoka kuanzia saa nne.

Asubuhi kenta ya mahindi ikanifikisha Makambako. Hapo nikakwama masaa matatu. Makambako ni njia panda, kushoto Njombe na Songea, mbele Mbeya, na reli inatokea porini kutoka Mlimba inakutana na barabara hapo, lakini utakachokumbuka wewe ni upepo. Upepo wa Makambako unakuingia masikioni. Nilienda kusimama jirani na moto wa mama mmoja wa mahindi ya kuchoma, nikamsalimia kamwene, akacheka akaitikia kamwene, akauliza mimi ni Mbena wa wapi, nikamwambia mimi Mnyakyusa ila nimejifunza. Nikampa vitunguu vitatu, akanipa hindi na akanielekeza ambacho nisingekijua: madereva wa IT wanakunywa chai banda la tatu kutoka pale, sio stendi.

IT ni yale magari madogo yanayotoka bandarini Dar yanaendeshwa mpaka Tunduma kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Hayaruhusiwi kubeba abiria, kila mtu anajua na kila mtu anapanda, sababu yana kasi na bei inaongeleka. Nikapata moja, siti bado zina nailoni, nyuma kuna mama na mtoto mdogo wa kike. Elfu kumi mpaka Uyole. Kijana anaendesha ana haraka ya kurudi Dar kuchukua nyingine maana analipwa kwa gari, sio kwa siku.

Tulipovuka Igawa barabara inanyooka inaingia bonde la Usangu, mshale ukafika 140. Nikanyamaza. Akalipita basi kwenye mwinuko ambao huoni ng'ambo, nikamwambia kaka punguza kidogo, akasema usiogope broo hii njia yangu. Akaongeza sauti ya redio. Akapita semi mbili kwa mpigo na kenta inakuja mbele yetu inawasha taa zote, tukaingia kati kwa nafasi ambayo hata pikipiki ingeomba radhi. Nikamwangalia yule mama kwenye kioo, amemfunika mtoto macho kwa kiganja chake. Nikasema nishushe Chimala. Akasema Uyole bado, hela sirudishi, nikamwambia sijaomba hela, nishushe. Alivosimama yule mama naye akafungua mlango bila neno akashuka na mtoto na begi. Na ninachotaka mtu akumbuke ni hiki, kwenye ile gari hamna tiketi, hamna orodha ya majina, likitokea la kutokea hata nyumbani hawajui waanze kukutafuta wapi. Kushuka ni haki yako. Unasema kwa sauti ya kawaida, unasema mji gani, unashuka, na hela unaiacha.

Chimala tulikaa kwenye kivuli cha duka la mchele mpaka mtoto akaacha kutetemeka. Juu yetu mlimani unaiona ile njia ya Matamba inavojikunja, kona 57, watu wa huko wanahesabu wakipanda, inaenda mpaka Kitulo kwenye maua. Mtoto akaanza kuzihesabu kwa kidole akafika tisa akarudi moja. Mwenye duka ndo alitutafutia lifti, fuso la mchele la mteja wake linaenda Mbeya, utingo akahamia juu ya magunia sisi tukabanana mbele, mtoto kwenye mapaja yangu. Yule dereva mteremko wa Inyala alishuka kama amebeba mayai. Igurusi, Inyala, Mlima Nyoka, Uyole. Yule mama alikataa nisimlipie lakini vitunguu alipokea.

Uyole nilishajua pa kwenda, kwetu huko. Fuso za ndizi zinakuja Mbeya zimejaa zinarudi tupu, zinasimama kwa mafundi upande wa njia ya Tukuyu kuanzia saa tisa. "Ugonile," nikaitikiwa, na dereva alikuwa anamfahamu mjomba. Isyonje ukungu, Isongole viazi na kabichi barabarani, Kiwira mvua, na kutoka Kiwira mpaka nyumbani mvua ile ile.

Mama alifungua mfuko akauliza mbona umeenda nusu. Nikamweleza nani kachukua ngapi, mzee wa salfa, mama wa Makambako, mama wa Chimala na mwenye duka, dereva wa ndizi. Alisikiliza yote mpaka la Kitonga akataka nimuonyeshe mikono.

Siku ya nne niko juu ya jikoni napigilia bati simu ikaita, yule mzee. Yuko Mpemba kwenye foleni ya Tunduma, siku ya pili, hajasogea. Jino la utingo limetoka. Akauliza kama nilifika salama, nikamwambia nimefika, akasema vitunguu wamepikia vyote, na kama narudi Mbuyuni msimu ujao nimwambie mapema atapita taratibu.