iTax ilidai shilingi 28,800 ilhali PAYE ilishakatwa: nilivyotatua bila kulipa mtu

Ritani yangu (taarifa ya kodi ya mwaka) kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilionyesha deni, ingawa mwajiri alikata PAYE (kodi ya mshahara) kila mwezi. Kujaza upya hakukusaidia; saiba (duka la intaneti) nako walitaka pesa kwanza.

Dawati la KRA pale Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, lilimaliza kazi, bure kabisa. Beba kitambulisho, PIN ya KRA, nywila ya iTax na fomu ya P9 (ya mwajiri, inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa).

Tazama deni lenyewe: 28,800 kamili. Hiyo ni nafuu ya kodi ya mtu binafsi, 2,400 mara miezi 12, na kisanduku chake kwenye ritani kilikuwa na sifuri. Kilipojazwa, deni likaisha. (Uliajiriwa miezi 8? Andika 19,200 kama P9 inavyoonyesha.)

Jamani, nendeni mapema. Kuelekea tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, foleni hufika nje.