Faili lililokuwa chini ya kiwiko

Jumapili usiku, Mbeya

Baridi ya mwezi wa sita imeingia na makali yake. Jiko la mkaa limebaki majivu, nimejifunika blanketi mpaka kifuani, na usingizi hauji kwa sababu ya shilingi 20,000.

Niseme tu. Alhamisi nilitoa rushwa.

Sikutoa ili nipate tenda. Nilikwenda kufuatilia karatasi ya mirathi ya marehemu baba, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, na ilikuwa mara ya tano. Ada nililipa tangu mwezi wa pili, risiti ninayo. Kijana wa dirishani aliniamkia vizuri, akafungua daftari, akalifunga, akasema, "Faili halionekani, mzee wangu. Labda upite wiki ijayo." Faili lilikuwa mezani pake. Niliona jina la baba limeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi tatu za mwisho ziko wazi, zilizobaki zimefunikwa na kiwiko. Alijua nimeona. Tukatazamana. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Na jua lote hili, mmekunywa maji kweli leo?"

Jua lenyewe halikuwepo. Mlima Loleza ulikuwa umefunikwa na ukungu tangu asubuhi. Lakini kiwiko kilinyanyuka, na muhuri ukagongwa kabla sijamaliza kufunga pochi.

Kinachonichoma ni kwamba kazi yangu ni kufundisha uchumi. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya serikali na soko, nawasimulia vijana habari za Kaushik Basu. Huyu alitoka kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaingia Wizara ya Fedha ya India mwishoni mwa 2009 kama mshauri mkuu wa uchumi. Machi 2011 wizara ikaweka kwenye tovuti yake andiko lake fupi lenye pendekezo la ajabu: kwa aina fulani ya rushwa, anayetoa asiwe na kosa. Aina yenyewe ndiyo hii yangu ya Alhamisi, ya kusumbuliwa, unayodaiwa ili upewe kilicho haki yako. Anayepokea ndiye abebe adhabu yote, tena maradufu, na akitiwa hatiani amrudishie mwenzake pesa zake.

Ukitaka kumwelewa, tazama kinachotokea pesa zikishaingia mfukoni. Kabla ya hapo mimi na yule kijana tunavutana. Baada ya hapo sheria inatufunga kamba moja: nikisema, naingia naye ndani. Kwa hiyo tunatunziana siri kama ndugu wa tumbo moja. Basu akasema kamba ikatwe. Mtoaji akiwa huru kusema, atasema; na karani akijua kwamba huyu atasema, mkono utamtetemeka kabla haujapokea.

Kwetu kamba hiyo ni nene. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Pale ofisini lipo bango ukutani linalosema hivyo hivyo kwa herufi kubwa nyekundu. Nilikuwa nimesimama chini yake.

India walimjia juu. Ulikuwa mwaka mbaya wa kutania na neno rushwa: kashfa ya ugawaji wa masafa ya simu ilikuwa bado mbichi, na Aprili ya mwaka huohuo mwanaharakati Anna Hazare akaanza kufunga kula jijini Delhi akidai chombo huru cha kuwachunguza wakubwa. Katikati ya moto huo, mshauri wa serikali anasema kutoa rushwa kuwe halali! Kwamba alisema aina moja tu, na kwamba mpokeaji angeumia mara mbili, nani ana muda? Nchi ambayo daftari lake la wapigakura lilifika watu kama milioni 970 kwenye uchaguzi wa 2024, hoja inayohitaji kurasa kadhaa ili ieleweke inafika kwa wengi ikiwa kichwa cha habari tu. Nadhani hapo ndipo Basu alipojifunza ambacho darasani hakifundishiki. Ukiwa profesa, wazo lako likikosewa kuna mtu anakuuliza swali. Ukiwa serikalini, wazo lako ni la serikali kabla hujalimaliza.

Miaka mitano baadaye serikali nyingine ya India ilichagua njia inayoeleweka kwa sentensi moja. Usiku wa Novemba 8, 2016, noti za rupia 500 na 1,000 zilifutwa, asilimia 86 ya thamani ya fedha taslimu zote zilizokuwa kwenye mzunguko, ili pesa chafu zifie majumbani. Watu walipanga foleni wiki kwa wiki, na mwisho wa hesabu zaidi ya asilimia 99 ya noti hizo zilirudi benki. Pesa chafu zilijua njia.

Na ile kamba? Mwaka 2018 Bunge lao lilirekebisha sheria ya rushwa ya 1988. Kutoa kukawa kosa waziwazi, isipokuwa kwa aliyelazimishwa, akatoa taarifa ndani ya siku saba. Ningekuwa huko, usiku huu ningebakiwa na siku nne. Najiuliza kama ningekwenda.

Sidhani. Mwaka jana mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyewahi kuwa mhudumu wa ofisi, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, huyo Basu hajui vishoka." Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akaeleza: siku karani atakapoogopa kupokea kwa mkono wake, atamweka kijana pale nje chini ya mti, mwenye bahasha na kalamu. Utampa huyo. Karani hajakugusa. Halafu akaongeza lililoninyamazisha: "Na wewe kesho utarudi dirisha lilelile. Utamshtaki leo, halafu hati ya kiwanja utaifuata kwa nani?"

Kwenye hesabu za Basu, karani na mwananchi wanakutana mara moja, wanaachana. Mbeya hatuachani. Yule kijana naweza kukutana naye Mwanjelwa tukichagua nyanya kwa mama mmoja. Na kwa 20,000, kupanda daladala mara tatu kwenda kutoa ushahidi, nani atanilipia nauli?

Hapo huwa nawahamishia wanafunzi Rajasthan, jimbo la India, na huko moyo hunitulia kidogo. Kuna umoja wa vibarua na wakulima, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, ulioundwa mwaka 1990. Kuanzia 1994 walikuwa wanakusanya wanakijiji kwenye uwanja, wanasoma kwa sauti orodha za malipo ya kazi za umma: fulani, siku kadhaa, rupia kadhaa. Wenye majina wako pale wamekaa. Huyu anasema sijawahi kulipwa. Yule aliyetajwa ni marehemu. Mwingine alishahama. Hakuna anayehitaji kwenda peke yake kushtaki, kwa sababu wanasikia wote kwa pamoja na kila mmoja anaona kwamba mwenzake amesikia. Vuguvugu hilo lilichangia sana kuzaliwa kwa sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2005. Sisi tunao mkutano mkuu wa kijiji, kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Husomwa haraka haraka, jua likizama, watu wameshaanza kukung'uta vumbi.

Jana nilikwenda kwa mama, Isyonje, kumpelekea ile karatasi. Sikumwambia ilivyopatikana. Ni msimu wa viazi, barabara yote imejaa magunia yaliyosimama kama watu wanaosubiri basi, na kila gunia limeongezewa juu wavu wa kamba uliobeba viazi vingine. Lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisipite kilo 100, na hilo kila mtu Isyonje analijua, kuanzia watoto.

Nilikuwa na mizani kwenye buti la gari, ile ya kuning'iniza, niliyoinunua kwa ajili ya mazoezi ya darasa. Nikaona leo nifanye kitu cha maana. Tukaipachika kwenye tawi la mti, vijana wawili wakanyanyua gunia la kwanza. Mshale ulipita 100, ukapita 120, ukatulia 138. Nikamwonyesha mnunuzi. Wala hakubisha. Alisema, "Ni kweli kabisa, mwalimu," akaingiza mikono kwenye koti, akaanza kutembea taratibu kuelekea shamba la pili, ambako fuso lake lilikuwa limeegeshwa.

Mama alimtazama anavyokwenda, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hiyo mizani yako itanunua viazi?"

"Mama, unampa kilo 38 za bure kila gunia."

"Najua. Tangu baba yako yupo hai najua." Akashusha sauti. "Mwangalie jirani."

Jirani alikuwa amesimama mpakani, ng'ambo ya mfereji, na magunia yake kumi na kitu yakiwa tayari. Hakusema neno. Alikuwa na sindano ndefu ya kushonea mkononi, uzi wa katani umeshatungwa, anasubiri aone sisi tutafanya nini. Nadhani angefurahi tungekataa. Nadhani pia angeuza dakika ileile.

Nikafungua buti, nikarudisha mizani. Mama akaita, "Baba, rudi bwana, tuongee," na yule mnunuzi akageuka bila haraka, kama mtu aliyejua tangu mwanzo ni hatua ngapi atakwenda kabla ya kuitwa. Nilishika wavu, mama akashona.