Wimbo wangu utatoka Mfunguo Mosi

Jana usiku nimekata tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Ilikuwa Ijumaa moja ya Shaabani, niliizungushia wino mwekundu tangu zamani, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: WIMBO UNATOKA. Nilipoipiga mstari nilikaa kitandani nikaitazama kwa muda mrefu. Imeniuma, ingawa najua nimefanya sawa.

Wimbo wenyewe uko tayari. Ni wa mama anayemtoa binti yake kwenda kwa mumewe, na kiitikio chake kinasema: *Mwanangu nenda salama, mlango sijaufunga.* Nimeutunga hapa hapa Tanga, Ngamiani, kwenye chumba ambacho ukifungua dirisha unasikia pikipiki kuliko unavyosikia gitaa. Sina meneja, sina lebo. Studio nimelipa mwenyewe kwa awamu tatu, fedha ya kufundisha watoto gitaa na ya kuimba kwenye shughuli za watu.

Shaabani niliichagua kwa sababu ya harusi. Mtu wa pwani anajua: mwezi ule kila familia inakimbilia kuozesha kabla ya mfungo, kumbi zinajaa, kila wiki kuna singo ya bibi harusi na sherehe. Niliona wimbo wa kumsindikiza binti utapata pa kuingilia. Shangazi yangu, ambaye kazi yake ni kupamba maharusi, ndiye aliyenishtua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja mapazia yake, kisha akasema, "Mwanangu, hesabu. Mpaka watu wavunje jungu umebakiwa na siku ngapi? Wimbo wako utaingia mwezi mtukufu ukiwa bado mchanga. Redio zitakuwa kwenye kaswida, hakuna harusi, hakuna dijei. Mfungo ukija kwisha, nani ataukumbuka?"

Nilikuwa nimesoma sana jinsi ya kupanga kutoa wimbo. Nilijua kwamba Ijumaa ndiyo siku ya nyimbo mpya karibu dunia nzima tangu Julai 2015. Nilijua picha ya jalada iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na faili iwe WAV, si ile MP3 tunayotumiana WhatsApp. Nilijua kwamba ukitaka wahariri wa Spotify wausikilize wimbo wako, unauwasilisha kabla haujatoka, na angalau siku 7 kabla kama unataka wanaokufuata waletewe kwenye orodha yao ya nyimbo mpya. Yote hayo nilikuwa nayo kwenye daftari. Shaabani na Ramadhani nilizoishi nazo tangu utotoni ndizo sikuziandika.

Wimbo wangu wa kwanza, miaka miwili iliyopita, niliupandisha Jumanne ili utoke Ijumaa. Ukatokea kwenye ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina kama langu, wa nchi ya mbali, na kuuhamisha kulichukua zaidi ya mwezi. Msambazaji, yaani kampuni niliyoitumia kuupeleka mtandaoni, ilijibu barua zangu kwa maneno yale yale kila mara. Watu wangu walikuwa wananitafuta, wanamkuta mwingine. Tangu hapo niliapa: wiki nne kamili kabla ya siku yenyewe, wimbo uwe umeshapanda.

Wiki hizo nne ndizo zilizoliwa, na zililiwa na karatasi moja.

Siku niliyokaa kujaza fomu ya msambazaji, nilifika penye nafasi ya mtunzi nikaandika jina langu peke yangu. Kidole kikasita. Kodiani kwenye wimbo huu amepiga mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekulia Tanga ya Black Star na Lucky Star, enzi za vilabu vilivyoipa taarabu magitaa na vikasikika mwambao wote. Nilimlipa shilingi 60,000 za kupiga, na kwa hesabu ya mjini tulikuwa tumemalizana. Lakini kile kiitikio nilikuwa nimekitunga kikishuka. Alasiri moja barazani kwake alikisikiliza mara mbili, akafumba macho, akakipandisha: neno "mlango" likapaa, likakaa juu, halafu ndipo sauti ikateremka polepole kama mtu anayerudi nyumbani. Huo ndio wimbo. Kila aliyeusikia anaimba hapo.

Nikaona aibu, nikafuta.

Nilimpelekea mapendekezo yameandikwa kwenye karatasi ya kaunta buku. Maneno ni yangu, hiyo ni nusu ya utunzi. Mahadhi ni nusu ya pili, tugawane sawa. Kwa hiyo yeye 25 kwa mia, mimi 75. Rekodi ni kitu kingine, hiyo nimeigharamia mimi na ina namba yake ya kuitambulisha, ISRC, yenye tarakimu na herufi 12. Fundi wa studio alikubali na kusaini siku ile ile. Mzee hakuigusa karatasi.

"Ya nini baina yetu?" aliniuliza. "Umeanza kuniogopa?"

Nilirudi wiki iliyofuata, tukanywa kahawa, tukaongea mengine. Wiki ya pili yake hali kadhalika. Sikuweza kumharakisha. Huyu ni mtu aliyerekodi tangu ujana wake, kanda zikauzwa sokoni, na kwenye jalada hakuna hata moja lenye jina lake. Karatasi alizowahi kuonyeshwa maishani zilikuwa za kumnyima. Mimi nilikuwa na tarehe ya wino mwekundu. Yeye alikuwa na miaka mingi nyuma yake.

Jana nilimweleza jambo ambalo ningelianza nalo. Nilimwambia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kwa wimbo wa watu wawili hesabu inaanza akifa wa mwisho. Alinyamaza. Mjukuu wake alikuwa amelala kifudifudi mkekani anafanya hesabu za shule.

"Na huyu je?" akauliza, akimwonyesha kwa kidevu.

"Huyu ndiye atakayekuja kupata, mzee."

Aliingia ndani, akatoka na miwani na kitambulisho cha NIDA. Akanisomea jina lake lote herufi moja moja, nami naandika. Miaka mitatu namwita mzee, na jana ndiyo mara ya kwanza kulijua jina la baba yake. Alisaini taratibu sana, mkono umelazwa mezani usitetemeke, binti yake akasaini kama shahidi. Karatasi nimeipiga picha, nakala moja nimemwachia.

Kwa hiyo Shaabani imekwenda. Wimbo utatoka Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Ijumaa ya pili baada ya Idi, harusi zikianza tena. Ramadhani sitautangaza wimbo, nitaitumia kwa kazi za kimya. Picha ya jalada bado: nataka mlango wa mbao ulioachwa nusu wazi na khanga imetundikwa juu yake, na nataka ipigwe asubuhi, jua likiwa bado la pembeni. Kuna kipande cha sekunde 30 cha vidole vya mzee kwenye kodiani, unasikia vitufe vikigonga na mfuko ukivuta pumzi. Fundi alitaka kuzisafisha sauti hizo nikamkatalia. Hicho ndicho kitakachotangulia, kwa madijei na maemsii wa Tanga, Pangani na Muheza, mmoja mmoja, kwa kuwapigia simu.

Asubuhi hii mzee amenipigia kabla sijaamka sawasawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sikiliza, mwanangu. Huko kwenye mtandao jina langu litakaa kama lilivyo kwenye kitambulisho?"

"Hivyo hivyo."

"Basi niongezee na la babu yangu. Alikuwa mpiga zumari."

Nimefungua fomu. Nafasi inatosha, nimeliongeza.