Jumanne moja ya mwezi wa sita, Katuba, Lubumbashi

Saa 11 alfajiri

Ukimwambia mtu wa mbali kwamba unaishi Kongo, anadhani unashinda ukijipepea. Aje Lubumbashi mwezi wa sita. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Nyumba zetu hazikujengwa kwa kuifikiria: mabati juu, sementi chini, na upepo unapita chini ya mlango kama mwenye nyumba.

Mume wangu ameshaondoka. Basi la kazini linawachukua kungali giza. Mimi natoka nje kuwasha mbabula, jiko letu la mkaa, ambao hapa tunauita makala. Nasema nje kwa sababu mpaka mwezi uliopita ilikuwa inalala nasi chumbani. Tulifunga mlango, tukaziba upenyo wa chini kwa kikwembe kikuukuu, makala yakabaki mekundu hadi usiku wa manane, usingizi mtamu. Asubuhi nikawa naamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Siku ya tatu nikahesabu tarehe kwa vidole, moyo ukinidunda, nikaenda kituo cha afya nusu nikikimbia. Kipimo cha mimba kikasema hakuna kitu. Muuguzi akaniuliza swali moja: "Mama, mbabula yenu inalala wapi?"

Gesi ya makala haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya hewa safi. Inaua watu wazima usingizini, na mtoto wa tumboni inaweza kumdhuru hata mama akiwa bado hajalemewa. Tukatoa mbabula, tukatoa na kikwembe mlangoni. Sasa tunalala na soksi na blanketi mbili. Kichwa kilipona kwa siku mbili. Ile nafsi yangu iliyokuwa imekwisha kuhesabu tarehe haikupona upesi hivyo.

Saa 1 asubuhi

Jua limechomoza. Kidonge changu nakimeza na maji ya ndimu. Chai nainywa baadaye kabisa, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na mimi nilikutwa na damu kidogo. Ndani ya kidonge hicho mna pia asidi ya foliki, mikrogramu 400, ambazo mwanamke anatakiwa ameze kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto. Si tangu kliniki ya kwanza. Mfereji ambao ndani yake unatengenezwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba iingie, wakati ambao wengi wetu hata hatujagundua kwamba siku zimepitiliza.

Mara ya kwanza mimi nilianza vidonge mimba ikiwa na miezi miwili na nusu. Septemba ikatoka. Sisemi ni kwa ajili ya vidonge. Hakuna aliyeniambia sababu, na muuguzi alisema mara nyingi sababu haijulikani wala si kosa la mama. Lakini safari hii nataka mwili wangu uwe umefagiliwa kabla mgeni hajabisha hodi.

Saa 3

Barazani. Mimi ni fundi wa kushona, na baridi ndiyo mavuno yetu: mvua hakuna, kila Jumamosi kuna harusi. Wiki hii nina nguo 9 za wasindikizaji wa bibi harusi, satini ya rangi ya divai, kitambaa kisichosamehe. Vidole vimekufa ganzi. Uzi unakataa tundu la sindano mpaka niupulizie pumzi ya moto kwanza vidoleni.

Kumpima mwanamke kiuno ni kama kumwungamisha. Ukimzungushia utepe anashusha pumzi, na pamoja na pumzi yanatoka mengine yote: mume, deni, wifi. Leo wa tatu katika wale 9 alifika, nikazungusha utepe, akacheka: "Yaya," ndivyo tunavyomwita dada hapa, "uniachie nafasi mbele, mpaka Jumamosi ya harusi nitakuwa nimeongezeka." Nikampongeza. Nilimpongeza kwa moyo kweli. Halafu nikaandika vipimo vyake kwenye mstari wa mtu mwingine.

Wangu angezaliwa Machi. Leo angekuwa na miezi mitatu, na mgongoni mwangu ningekuwa na joto la bure. Msichana anayejifunza kazi kwangu ana miaka 18 na hajui chochote cha ndoa, lakini aliuchukua utepe mkononi mwangu bila neno, akasema, "Yaya, kaa kidogo kwenye jua." Nikakaa. Jua la Juni la hapa halichomi, linakukumbatia tu. Nimejiwekea sheria ya kukaa hapo robo saa kila siku, bila simu na bila shati la mtu mapajani, na ni vigumu kuliko kumeza kidonge. Fundi akikaa bure anaona kama ameiba.

Saa 6 mchana

Kituo cha afya, kufuata majibu. Wiki mbili zilizopita nilipimwa presha, kaswende, virusi vya UKIMWI, wingi wa damu, na kile kipimo cha elektroforezi kinachoonyesha aina ya damu yako: AA, AS au SS. Ugonjwa wa SS ndio ule Watanzania wanauita selimundu. Kongo ni mojawapo ya nchi zenye wagonjwa wake wengi zaidi duniani, na bado watu wanaoana kwa kuulizana makanisa na makabila, damu hawaulizani.

Karatasi yangu ilisema AS. Muuguzi alinichorea nyuma yake duara 4. Mimi si mgonjwa, nimebeba tu. Papa, yaani mume wangu, akiwa AA, hatuwezi kuzaa mtoto wa SS. Papa akiwa AS kama mimi, kila mimba, 1 kati ya 4 uwezekano wa SS. Na si kwamba ukimzaa mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamepona, hesabu inaanza upya kila mara. Akanitazama juu ya miwani: "Papa alishapima?"

Hajapima. Tangu Aprili ana shughuli.

Saa 8

Pasi yangu ni ya makala, umeme ukikatika hainidai kitu. Kawaida najaribu joto lake kwenye kipande cha pamba kwanza. Leo mawazo yalikuwa kwenye duara 4, nikaishusha moja kwa moja kwenye mkono wa satini. Ikanuka kama nywele zilizoungua, na nilipoinua pasi, ncha yake ilikuwa imejichora pale, hudhurungi, safi kama muhuri wa serikali. Mita nzima ya kitambaa kutoka mfukoni mwangu.

Na ndipo mama mkwe akapiga simu. Ananipenda, sikatai. Anauliza kama kuna habari. "Bado, Mama." Ana mtu anayejua mizizi. "Aksanti, Mama." Mizizi nisiyoijua siinywi, hasa sasa, lakini hilo sikumwambia, nilimwambia makala yanazimika.

Saa 12 jioni

Giza linaingia upesi msimu huu. Nimepika bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga na maharage. Mume wangu anafika, anasimama uani, anavua salopeti na buti pale pale huku akitetemeka, anavitia kwenye mfuko na kuufunga. Ndani haviingii, na vinafuliwa kwenye beseni lake peke yake. Halafu anaoga, maji ya moto nimeshamwekea. Mwaka jana alikuwa anakaa kitandani na vumbi la kiwanda cha madini.

Tulibadilika kwa sababu ya utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliwaangalia watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili kati ya 2013 na 2015, wakawalinganisha na 108 wasio nazo. Utafiti huo, uliotoka 2020 kwenye jarida la The Lancet Planetary Health, ulionyesha kwamba baba akifanya kazi za madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara tano. Watoto waliohesabiwa ni wachache, namba yenyewe inaweza kupanda au kushuka. Lakini ni baba. Nilipomsomea, alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kazi siwezi kuacha." Nikasema, "Basi vumbi liache mlangoni."

Leo nikamwekea karatasi kando ya sahani, upande wa duara. Nikamweleza. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mdogo wangu," akasema. "Yule aliyekufa tukiwa Likasi. Mwezi wa sita alikuwa analia mifupa. Mama alikuwa anamlaza karibu na mbabula, usiku kucha. Tuliambiwa ni watu wanamloga."

Baridi inaamsha maumivu ya SS. Muuguzi aliniambia hivyo mchana, na nilikuwa najiuliza nimwambieje. Sikuwa na haja tena. Tulikaa. Nje mbabula ilikuwa inalia cheche.

"Wanachukua damu ya kidole au ya mkono?" akauliza.

"Ya mkono."

Mwanaume huyu anabeba magunia ya kilo 50. Akajishika mkono juu ya kiwiko, kama sindano imeshaingia.

"Jumamosi sina kazi," akasema. "Ni lazima niende bila kula?"

"Hapana. Unakula."

Akavuta sahani ya bukari.