Maji ya Mlimani: Safari Zangu za Nizwa, Jebel Akhdar na Ibra

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na huu ni mwaka wa nne tangu nihamie Maskati kwa kazi ya uhasibu. Aliyekulia Mji wa Kale hukua na Ngome ya Yesu mbele ya macho yake. Shuleni tulifundishwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na kwamba baada ya hapo mji ukapata wenyewe wapya. Katika masomo yale Waomani walikuwa watu wa majahazi tu. Waliletwa na pepo za kaskazi, na nyuma yao hatukuonyeshwa kitu ila bahari. Safari zangu za Ijumaa na Jumamosi katika bara la Oman zimenigeuza fikra, kwa sababu kila mji wa kale nilioutembelea umenirudisha kwenye jambo lile lile: maji matamu yanayotoka chini ya milima, mbali kabisa na pwani.

Nililigundua hilo kwa kukosa nilichokikusudia. Nilikuwa nimeondoka Maskati alfajiri kwenda kwenye milima ya Jebel Akhdar, na nilipofika Birkat al-Mawz, pale barabara inapoanza kupanda, askari wa kizuizini akalitazama gari langu dogo na kunieleza kwa upole kwamba huko juu huruhusiwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu. Barabara ile ni ya mwinuko mkali na breki za magari mengi hushindwa wakati wa kuteremka, kwa hiyo sikuwa na la kubishana. Niligeuza gari, nikaliegesha kwenye kivuli cha mitende, na ndipo nikasikia maji yakienda. Yalikuwa yakipita ndani ya mfereji wa saruji usiozidi upana wa hatua moja, maangavu hata vijiwe vya chini ukivihesabu, katika nchi ambayo mwezi ule wa Mei ilikuwa imekwisha kukauka kila upande.

Ile ndiyo falaj ya Khatmeen; falaj ni mfereji wa kale wa kuleta maji mjini na mashambani. Wachimbaji wa zamani walitafuta maji chini ya miteremko ya mlima, wakachimba kisima cha kwanza ambacho wenyewe hukiita mama wa falaj, kisha wakatoboa njia chini ya ardhi kuelekea mjini, wakiipa mteremko mdogo mno, kiasi cha maji kwenda yenyewe pasipo kuchotwa wala kusukumwa. Juu ya njia hiyo huachwa matundu ya kupitishia hewa na kutolea mchanga, nawe ukitazama kutoka mlimani huyaona yamejipanga katika mstari mmoja hadi kwenye mashamba. Aina hii huitwa daudi, kwa sababu ya simulizi kwamba Nabii Suleiman bin Daud alipita nchi hii akaamuru majini waichimbie mifereji. Takriban falaj 3,000 bado zinatumika Oman, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya urithi wa dunia, ikiwamo hii ya Khatmeen na ile ya Daris iliyoko Nizwa.

Kilichonishika zaidi ni namna maji yanavyogawanywa. Haki ya mtu katika falaj huhesabiwa kwa muda, wala si kwa ndoo. Kipimo chao ni athar, ambayo ni nusu saa. Mtu hurithi athar mbili, mwingine tatu, mwingine huuza yake au huiweka wakfu kwa ajili ya msikiti. Zamani mchana walipima zamu kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota walizozijua kwa majina. Tena maji hayafiki shambani kabla ya kupita panapostahili: kwanza pale wanapoteka ya kunywa, kisha msikitini, kisha mahali pa kuogea, ndipo yaende kwenye mitende. Siku ile nilimwona mzee mmoja akifika kwenye kichepuko cha mfereji, akainama, akachomoa jiwe lililofungwa tambara, akalihamishia tundu la pili. Maji yakageuka yakaingia shambani kwake. Hakutazama saa hata mara moja, na jirani yake aliyekuwa akingoja ng'ambo ya ukuta hakusema neno.

Baada ya kuona hivyo, Nizwa niliitembelea kwa macho mengine. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Maskati, na asubuhi ya Ijumaa mji hujaa watu wanaokuja mnadani, ambako mbuzi huzungushwa duarani huku wanunuzi wakiwapapasa migongo. Mimi nilikwenda moja kwa moja ngomeni. Aliyeujenga mnara ule mkubwa wa duara ni Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman wa ukoo wa Yaarubi, katikati ya karne ya 17, na kazi inasemekana ilichukua miaka 12. Sehemu ya chini ya mnara imeshindiliwa udongo na mawe ili uweze kuhimili mizinga. Ngazi ya kupandia ni nyembamba na hupinda kila baada ya hatua chache, na katika kila pindo kuna mlango mzito ambao juu yake umeachwa mwanya. Katika mwanya huo walinzi walimwaga asali ya tende iliyochemka juu ya aliyethubutu kuvunja mlango. Asali yenyewe ilitoka ghalani mle mle: magunia ya tende yalipangwa juu kwa juu katika chumba chenye sakafu ya mifereji midogo, uzito ukayakamua, asali ikatiririka hadi mtungini. Niliinama nikapitisha kidole katika mfereji mmoja wa sakafu ile na kuuona umelainika kama ukingo wa bakuli.

Imamu huyo ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Ngome ya Yesu mwaka 1698. Mwana huyu alipewa lakabu ya Qaid al-Ardh, yaani mfungaji wa ardhi, na hukumbukwa kwa kufufua falaj na kupanda mitende kwa maelfu sawa na anavyokumbukwa kwa vita. Hapo ndipo mambo mawili niliyoyajua mbali mbali yalipokutana. Merikebu zilizofika kwetu Mombasa zilihitaji chakula, mbao, mishahara na watu, na msingi wa mali ile ulikuwa mashamba ya tende yanayonyweshwa na maji ya mlima. Nimekulia kando ya ngome hii ya matumbawe, nikaja kusimama juu ya ngome ile ya mawe na udongo, na kwa mara ya kwanza nikauelewa mkono uliotufikia.

Jebel Akhdar nilipanda mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, safari hii katika gari kubwa la rafiki yangu. Uwanda wa Saiq uko juu kiasi cha mita 2,000, na ubaridi wake humshangaza aliyeondoka pwani akiwa ametota jasho. Vijiji vimeng'ang'ania ukingo wa genge, na chini yake yameshuka matuta kama ngazi, yenye makomamanga na mawaridi. Waridi huchumwa alfajiri kabla jua halijalikausha. Katika nyumba moja tulikaribishwa kuona marashi yakipikwa. Tanuri ni la udongo, lina matundu juu, na katika kila tundu kimekaa chungu. Ndani ya chungu hutiwa mawaridi, juu ya mawaridi huwekwa kisufuria cha shaba, kisha mdomo wa chungu hufunikwa kwa bakuli lenye maji baridi. Mvuke hupanda, ukaligusa tako la bakuli lenye baridi, ukageuka matone, matone yakadondokea kisufuriani. Bibi mwenye nyumba hakuacha kubadilisha yale maji ya juu kila yalipopata moto. Marashi yanayotoka si meupe; yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi.

Nilimpelekea mama chupa moja, akaitia katika mrashi siku ya maulidi. Akanipigia simu usiku ule kuniambia kwamba ndiyo marashi aliyoyajua kwa nyanya yake, kabla ya maduka kujaa yale maangavu, na kwamba wazee waliokuwapo walimwuliza ameyapata wapi.

Jebel Shams, kilele cha juu kuliko vyote nchini humo, chenye zaidi ya mita 3,000, sitaieleza sana. Tulitembea kutoka al-Khitaym kwa njia nyembamba iliyopita ubavuni mwa korongo hadi kijiji kilichohamwa, na kule pia tulikuta matuta na bwawa dogo lililojificha chini ya mwamba. Wakati wa kurudi tulisimama Tanuf, kwenye magofu ya mji uliopigwa mabomu na ndege za Uingereza katika vita vya Jebel Akhdar vilivyomalizika mapema mwaka 1959. Kuta za udongo zimesimama bila paa, na falaj inapita kando yake, ingali hai.

Ibra ni habari nyingine. Iko upande wa Sharqiyah, na majumba yake ya kale, yenye milango ya kuchongwa na ghorofa, yalijengwa na watu waliotajirika Zanzibar na mwambao wetu katika karne ya 19. Mali ile ilitokana na karafuu na pembe za ndovu, na ilitokana pia na watumwa, wengine wakiuzwa huko huko kwetu na wengine wakivushwa hadi Oman kufanya kazi katika mitende hiyo hiyo ninayoisifu. Baadhi ya jamaa zangu huizuru Ibra kwa fahari ya asili, na baadhi hawataki hata kuitaja. Mimi naona ni wajibu wetu kuitazama yote kwa pamoja, mlango uliochongwa na mgongo uliobeba, kwa kuwa hakuna nyumba kule iliyosimama kwa kimoja tu.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango mmoja wa aina hiyo, nikijisemea kwa Kiswahili, sauti ikanijibu nyuma yangu: "Wewe wa wapi, mwanangu?" Nikageuka, nikamwamkia mzee aliyevaa kanzu na kofia. "Shikamoo babu. Wa Mvita." "Marahaba. Mvita mtaa gani?" Nilipomwambia Kibokoni alinishika mkono asiuachie. Alizaliwa Unguja, akaondoka kijana baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, akafika Oman katika miaka ya 1970, wakati Sultan Qaboos alipokuwa amewafungulia milango waliokuwa ng'ambo. Alinipeleka kwake, akaniketisha katika chumba cha wageni ambacho wao hukiita sabla, na ndilo neno letu sebule, tukanywa kahawa yenye iliki kwa tende na halua. Tulizungumza Kiswahili hadi adhuhuri. Chake kilikuwa safi, chenye maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia kwa babu yangu.

Aliponisindikiza tulipita shambani kwake. Mfereji wa falaj ulikuwa mkavu. Mvua zimeadimika, alinieleza, na visima vya pampu vimevuta maji chini, kwa hiyo mwaka huu mitende anainywesha kwa lori. Mfereji wenyewe, hata hivyo, ulikuwa umefagiwa toka mwanzo hadi mwisho. Tukiwa tunaagana aliona kuti kavu limeangukia ndani, akainama taratibu, akaliokota, akaliweka juu ya ukuta, kisha akapitisha kiganja kwenye saruji kuondoa mchanga uliobaki.