Msafara wa Varus: foleni imekubali

Hatimaye, kwenye programu yangu ya kuigiza vita, msafara wa Varus, jemadari wa Kirumi, wa mwaka 9 baada ya Kristo, umepita Kalkriese (kaskazini mwa Ujerumani ya leo) bila vikosi kupandana. Ramani haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kupima msafara kwa urefu, wakati panapobana kinachotawala ni wangapi wanapita kwa dakika.

Makadirio niliyoyaweka: askari wa miguu 13,000 (vikosi vikubwa vya Kirumi, legioni ya 17, 18 na 19, zikiwa pungufu, pamoja na kohoti, yaani vikosi vidogo, 6 za wasaidizi), wapanda farasi 1,200, na nyumbu wa mizigo mmoja kwa kila askari 8. Askari wanne wanne, mita 1.5 kati ya mistari, ni kilomita 4.9. Farasi wawili wawili kwa mita 3 ni 1.8, nyumbu wawili wawili kwa mita 3.5 ni 2.8. Jumla 9.5, na mikokoteni bado.

Balaa linaanzia njia inapobanwa kati ya kilima na kinamasi. Safu zote zikipungua nusu, msafara unarefuka hadi kilomita 19, na programu ilikuwa inaurundika urefu wa ziada juu ya kikosi cha nyuma. Kupunguza kasi ya wote hakusaidii, kwa sababu waliokwisha kutoka upande wa pili hawana cha kuwasimamisha.

Dawa ni kuipa kila sehemu nyembamba kiwango chake. Wanne wanne kwa kilomita 4 kwa saa wanapita 178 kwa dakika. Wawili wawili kwa kilomita 3, ni 67 tu. Wanaozidi wanasimama mlangoni. Askari ambao wangemaliza kupita kwa dakika 73 sasa wanataka saa 3 na robo, nyumbu hawamo. Foleni hiyo ndiyo silaha kubwa ya Arminius, kiongozi wa Wagermani walioushambulia msafara: anayepigwa mlangoni hasaidiwi na aliye ndani, maana hana pa kugeukia.

QGIS, programu ya ramani, itumike kwa mwinuko tu. Ukingo wa kinamasi usiuchukue kwenye ramani ya leo, kimekaushwa mno. Foleni yenyewe ifanyie kwenye Excel, dakika moja kwa kila mstari, kosa utaliona kwa macho. Ukuta wa udongo uliofukuliwa Kalkriese nimeuacha: wachimbuaji bado wanabishana kama ni wa Wagermani au wa kambi ya Kirumi.

Mikokoteni ilikuwa ifuate, lakini itasubiri. Caecina, jemadari mwingine wa Kirumi, kwenye Pontes Longi (“Madaraja Marefu”, njia ya kuvuka kinamasi), mwaka 15, ni jaribio bora zaidi kwa sababu Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anautaja mpangilio: legioni ya 1 mbele, ya 5 kulia, ya 21 kushoto, ya 20 nyuma. Zile za ubavuni zikaacha nafasi zao, mizigo ikakwama matopeni, kisha Wagermani wakaacha kuua wakaanza kupora. Kwa hiyo kanuni mpya ni mbili: mzigo uliokwama unaziba njia, na pia unapunguza washambuliaji. Ya pili ndiyo naanza nayo.