Candiria: Dramu Ndiyo Iliyoshika Usukani

Bendi zinazodai kuchanganya metali na hip hop ni nyingi, na nyingi kati ya hizo hufanya jambo moja tu: huchukua gitaa zito, humpa mtu kipaza sauti afoke juu yake, kisha huita hilo mchanganyiko. Candiria, iliyoanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 1992, haikupita njia hiyo. Wao walijifunza hadikoo (hardcore, tawi kali na la kasi la muziki wa punk), metali, jazi na hip hop kila moja kwa kanuni zake, wakaziweka ndani ya albamu moja, mara nyingine ndani ya wimbo mmoja, bila kuilazimisha yoyote ijifanye ni nyingine. Ninavyosikia mimi, kilichowawezesha kufanya hivyo hakikuwa gitaa wala sauti, bali dramu.

Kwanza ni haki kusema kwamba hip hop kuingia katika hadikoo halikuwa jambo geni mjini humo. Katika miaka ya 1980 vijana wa New York walikuwa wakijazana kwenye maonyesho ya Jumapili mchana katika ukumbi wa CBGB kuzitazama bendi za hadikoo za Agnostic Front na Cro-Mags, na mitaa iliyowalea vijana hao ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikirindima hip hop usiku na mchana. Biohazard, nao pia wa Brooklyn, walikuwa wakifoka juu ya magitaa kabla Candiria haijajulikana, na mwaka 1993 walirekodi pamoja na kundi la hip hop la Onyx. Kilichokuwa kigeni ni jazi, na hasa ile jazi inayomtaka mpigaji aijue ala yake kiasi cha kuweza kuiacha njia kuu na kuirudia bila kupotea.

Hapo ndipo anapoingia Kenneth Schalk, mpiga dramu wao wa miaka ile. Tuchukue mfano wa namna bendi za aina hii zinavyojenga mapigo yao: magitaa na besi hurudia kipande chenye mapigo matano, huku toazi likiendelea kuhesabu manne bila kujali. Mzunguko wa kwanza ukiisha, gitaa limeshapitiliza pigo moja. Wa pili, mawili. Na pande zote mbili hazikutani tena mwanzoni hadi yapite mapigo ishirini, yaani gitaa limezunguka mara nne na toazi mara tano. Aliyezoea ngoma za Pwani, ambako chapuo hukimbia na hesabu yake huku vumi likishikilia nyingine, hatashangaa hata kidogo. Meshuggah wa Umeå, Sweden, walikuwa wakifanya kazi kwa mbinu iliyo karibu na hii katika miaka hiyohiyo, lakini kwao uzito hauachi nafasi ya kupumua. Schalk alikuwa na wepesi wa mkono unaojulikana kwa wapiga jazi. Aliweza kuyapunguza mapigo mazito polepole, akabakiza toazi na kiwambo kidogo, na ghafla msikilizaji akajikuta amesimama katikati ya kipande cha jazi kisicho na gitaa hata moja lenye hasira. Kwa kuwa hesabu ilikuwa haijavunjika, mlango wa kurudi kwenye metali ulikuwa wazi muda wote.

Mwimbaji wao, Carley Coma, naye alikuwa na koo mbili katika mwili mmoja. Alinguruma kama inavyotakiwa katika hadikoo, kisha akashuka na kughani mistari yenye vina na pumzi iliyopangwa, jambo linalonishawishi kwamba hip hop kwake haikuwa pambo. Sisemi kwamba kila jaribio lilifaulu. Kuna vipande vya ala ambavyo huning'inia kuliko inavyopaswa, na kuna mahali mshono unaonekana waziwazi, kana kwamba mtu amebadilisha kanda katikati ya wimbo. Hata hivyo nauvumilia mshono huo kwa sababu unaonyesha kwamba pande zote mbili zilishonwa na watu wanaozijua. Wakati albamu yao Process of Self-Development ilipotoka mwaka 1999, Korn na Limp Bizkit walikuwa wakiuza mamilioni ya nakala kwa kufoka juu ya magitaa mepesi kueleweka. The Dillinger Escape Plan wa New Jersey, kwa upande mwingine, walitoa Calculating Infinity mwaka huohuo, kazi ya kasi na hesabu ngumu lakini isiyo na hip hop. Candiria walisimama katikati, mahali ambapo soko halikuwa na rafu ya kuwaweka. Albamu iliyofuata, 300 Percent Density ya mwaka 2001, ndiyo ninayoiona kuwa kilele chao.

Septemba 2002, wakiwa safarini kikazi, gari lao liligongwa kutoka nyuma na lori la trela. Wote walinusurika, ingawa waliumia, na picha ya gari lililopondeka ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la albamu ya mwaka 2004, What Doesn't Kill You... Ningependa kuisifu albamu hiyo kwa ujasiri wake tu, lakini masikio hayakubali. Nyimbo zimenyooka, viitikio vimekuwa vya kuimbika, na ule mvutano wa mapigo yanayotafutana umepungua sana. Kuna wanaoipenda kwa sababu hizohizo, na siwezi kuwalaumu. Watu waliotoka katika ajali kama ile wana haki ya kutaka kusema mambo kwa lugha iliyo wazi.

Baada ya hapo ilikuja Kiss the Lie mwaka 2009, kisha kimya kirefu, hadi walipotoa While They Were Sleeping mwaka 2016 kupitia kampuni ya Metal Blade. Schalk hakuwamo tena. Coma bado anaghani na bado ananguruma, magitaa bado yanapishana na toazi, na ni albamu ninayoirudia mara kwa mara. Lakini kwa msikilizaji anayeanza leo ningeshauri aanze na ile ya mwaka 2001, na mara ya kwanza aziache sauti na magitaa, afuate toazi peke yake.